Jembe la Siku ya Tatu

Kila mwaka tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, picha huwa ni zile zile. Meza ndefu, sufuria kubwa, akina mama waliovaa wakapendeza, mgeni rasmi kashika sahani huku anaitazama kamera. Hotuba inasema chakula huunganisha watu. Watu wanakula, wanasifia, wanaomba kuongezewa. Tarehe 21 maturubai yanakunjwa, na yule mama aliyeamka usiku wa manane kuwasha moto anarudi kwenye foleni ya kibali ambayo haijasogea tangu mwaka juzi.

Sina ugomvi na chakula. Nimejitolea kwa miaka kadhaa kwenye majiko ya pamoja, bustani na mafunzo ya kazi kwa wakimbizi na wahamiaji, na nimeona jiko likifanya kazi ambayo semina nyingi zimeshindwa. Ugomvi wangu ni na wale wanaoishia kwenye sahani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hiyo hutumika kumsimanga mgeni, kana kwamba yeye ndiye aliyekataa kulima. Lakini ukiisikiliza vizuri, anayeamrishwa pale ni mwenyeji. Mpe. Na sehemu nyingi duniani mwenyeji amempa mgeni sahani siku ya kwanza, ya pili, ya mia saba, na jembe amelifungia stoo.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani, maana mitandaoni kila aliyetoka nje huitwa mkimbizi. Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka kwa kuhofia kuteswa kwa sababu ya dini, rangi, utaifa, siasa au kundi analotoka, kama ulivyoeleza Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukawaongeza wanaokimbia vita na machafuko. Mwomba hifadhi ni yule ambaye ombi lake bado liko mezani kwa watu. Mhamiaji amekuja kutafuta kazi, kusoma, au kumfuata mwenza wake. Mbele ya jiko wote wanamenya vitunguu vile vile. Mbele ya dirisha la uhamiaji tofauti hizo ndizo zinazoamua nani anaruhusiwa kulipwa kwa kumenya.

Walioandika Mkataba wa 1951 hawakusahau jembe. Kifungu cha 17 kinahusu ajira ya mshahara, cha 18 kujiajiri, cha 19 taaluma kama udaktari na uanasheria. Tena kile cha 17 kinasema jambo ambalo watetezi wachache hulitaja: vizuizi ambavyo nchi imeviweka dhidi ya wageni ili kulinda soko lake la ajira havimhusu mkimbizi aliyekwisha kuishi humo miaka mitatu, au aliyeoana na raia, au mwenye mtoto ambaye ni raia. Miaka mitatu badala ya siku tatu, lakini hesabu ni ya wahenga wetu. Tatizo ni kwamba nchi kadhaa zilikubali Mkataba huku zikijitoa kwenye kifungu hicho hicho, na nyingine hazikukikataa kwa maandishi ila zimekizika chini ya fomu, ada na mihuri.

Kumweka mtu akingoja kuna hasara inayopimika. Utafiti mmoja wa Uswisi, uliochapishwa mwaka 2016, uliangalia wakimbizi waliokubaliwa baada ya kungoja kwa muda tofauti. Kila mwaka mmoja wa ziada wa kungoja uamuzi ulishusha kiwango cha walioajiriwa baadaye kwa pointi 4 hadi 5 za asilimia. Ujerumani ni mfano mkali zaidi. Waliofika kutoka Yugoslavia ya zamani mwaka 1999 walizuiwa kufanya kazi kwa wastani wa miezi 7 zaidi ya wenzao waliofika mwaka uliofuata, kwa sababu tu kanuni ilibadilika katikati. Miaka mitano baada ya kizuizi kuondolewa, wale waliongoja zaidi walikuwa nyuma kwa karibu pointi 20 za asilimia katika ajira, na pengo lilichukua hadi miaka kumi kuzibika. Miezi saba hiyo. Serikali ilidhani inalinda ajira za raia wake, kumbe inatengeneza watu wa kulishwa kwa miaka.

Nikiwatazama wanaokuja kwetu naielewa takwimu hiyo bila kuhitaji grafu. Mtu anayekaa miezi bila sababu ya kuamka mapema hapotezi ufundi tu. Anaacha kuvaa saa. Anaanza kusema "tutaona" kwa kila kitu, hata kwa mambo yaliyo mikononi mwake, na mkimpangia ahadi ya saa nne anakuja saa saba, si kwa dharau, bali kwa kuwa saa nne na saa saba kwake zimeshafanana.

Hapo kwenye kungoja ndipo jiko la pamoja lina faida yake halisi. Halihitaji cheti cha kuingilia. Linampa mtu siku yenye jina: Alhamisi ni siku yangu. Na linafundisha lugha kwa namna ambayo darasa haliwezi. Darasani mwalimu anakuonyesha picha na kukuambia "hiki ni kisu." Jikoni kuna mtu anakuambia "kisu!" kwa sababu anakitaka sasa hivi, na usipoelewa kuna kitu kinaungua. Unalisikia neno lile mara nyingi kwa saa moja, kwa sauti za hasira, za utani na za haraka, na halikutoki tena. Halafu macho yako kwenye ubao wa kukatia. Watu wawili wasiojuana, wakikaa kiti kwa kiti wanatazamana, mazungumzo ni mtihani. Wakisimama bega kwa bega wanakatakata, wanaweza kunyamaza kwa muda mrefu bila aibu, na katikati ya kimya hicho mmoja anauliza watoto wa mwenzake wanasoma wapi. Nimesikia mambo mazito ya maisha ya watu yakisemwa hivyo, wakikata karoti, bila kuulizwa.

Jijini Paris mwaka 2016 lilianzishwa Tamasha la Chakula la Wakimbizi, Refugee Food Festival, ambalo baadaye lilienea kwenye miji mingine. Mkahawa wenye sifa zake mjini unamkabidhi mpishi mkimbizi jiko kwa muda mfupi, anapanga orodha ya vyakula, wateja wanakuja kama siku zote na wanalipa kama siku zote. Napenda sana hiyo ya kulipa. Mteja akiona chumvi imezidi analalamika, na mpishi anakasirika kama mpishi yeyote. Wako sawa hapo. Ukilinganisha na zile hafla za bure ambako kila kitu husifiwa hata wali ukiwa mbichi, utaona ni ipi inayomheshimu mtu.

Lakini jiko lina mtego wake, nao ni kudhani kwamba kila mgeni ni mpishi.

Kwenye mradi mmoja tulikuwa na kikao cha kupanga mapishi ya mwezi. Mratibu, dada mmoja mwenye moyo mweupe kabisa, alizunguka meza akimuuliza kila mgeni chakula cha kwao ni kipi na angependa kutupikia lini. Zamu ikamfikia baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Akasema, "Dada yangu, mimi sijui kupika. Hata kwangu nilikuwa nafukuzwa jikoni. Mimi ni mhasibu." Watu wakacheka, naye mratibu akacheka, akasema basi hapana shida, baba atatusaidia kupanga viti.

Akapanga viti. Alivipanga vizuri kupita kiasi, mistari imenyooka. Ikapita kama miezi miwili hivi, siku moja baada ya watu kuondoka akauliza risiti zinawekwa wapi. Zilikuwa kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Akalishusha, akalimwaga mezani, akaanza kuzipanga kwa tarehe. Zile zilizofifia alizisogeza kwenye taa na kuzisoma kwa kuinamisha kichwa. Akaomba daftari lenye mistari na rula. Alipomaliza, jioni nyingine, akatuonyesha kwa kidole: mafuta ya kupikia mnanunua chupa ndogo ndogo kila wiki, gesi ya mwezi huu imeandikwa mara mbili, na ile hafla mnayoisifia kuliko zote ndiyo iliyowamaliza. Alisema polepole, kwa lugha aliyokuwa bado anajifunza, na namba zikimsaidia pale maneno yalipokataa.

Tangu siku hiyo mratibu alipotaka kununua kitu alimuuliza kwanza. Na baba akawa anakataa! "Hapana dada, mwezi ujao." Nakumbuka sura za watu mara ya kwanza alipokataa, maana hatukuwa tumezoea mgeni akituambia hapana. Hata wakimbizi wenzake walianza kumwita mhasibu badala ya mzee wa viti, na wakamletea barua zao za kodi na za bima awasomee.

Nikiulizwa leo kama mradi fulani ni mzuri, siangalii idadi ya bendera ukutani. Nauliza nani anashika funguo za jengo. Nauliza nani yuko kwenye orodha ya malipo. Na nauliza kama kuna mgeni anayeweza kusema hapana, hapana yake ikasimama. Miradi mingi yenye picha nzuri inaanguka kwenye swali hilo la mwisho. Wageni wamejaa, lakini ni wageni wa kupika, kucheza ngoma, na kusimulia walivyokimbia.

Hilo la kusimulia lina uzito wake. Kuna tabia ya kumfanya mtu alipe kiingilio kwa hadithi ya mateso yake. Anakuja kujifunza ushonaji, anaombwa "ashiriki safari yake" mbele ya wafadhili, na akisita anaambiwa itawasaidia wengine. Mtu huyo keshasimulia hadithi hiyo kwa maofisa waliokuwa wakitafuta kosa ndani yake. Akitaka kuisimulia tena ataisimulia akikata karoti, kwa aliyemchagua. Na picha, jamani, ombeni ruhusa. Wengine wana ndugu waliobaki, na uso mmoja kwenye mtandao unaweza kumfikia mtu ambaye hakupaswa kuuona.

Nirudi kwenye kazi, maana ndiyo kiini cha jambo.

Kujitolea ni kitu kizuri kwa mtu mwenye chaguo. Mtu asiyeruhusiwa kulipwa, anayejitolea siku nne kwa wiki kwenye shirika ambalo wenzake wa meza ya pili wanapokea mshahara kwa kazi ile ile, huyo tumempatia neno zuri la kufunika jambo baya. Kuna pia ugonjwa wa vyeti. Namjua mama mwenye faili zima: ushonaji, usafi wa chakula, ujasiriamali, kompyuta, ushonaji tena. Kila shirika lilikuwa na bajeti ya mafunzo, hakuna lililokuwa na bajeti ya kwenda kuongea na mwajiri. Mama anafundishwa kila mwaka jinsi ya kuwa tayari, na tayari amekuwa tayari siku nyingi.

Upande wa pili wako wenye taaluma. Nesi anaosha vyombo, mhandisi anaendesha teksi, mwalimu wa fizikia anapanga maboksi ghalani. Mara nyingi si kwamba hawana elimu. Vyeti vilibaki kwenye nyumba iliyoungua, au chuo chenyewe hakijibu simu. Hapa kuna hatua ambazo zimechukuliwa na hazisifiwi vya kutosha. Baraza la Ulaya lilianza mwaka 2017 kutoa Pasipoti ya Ulaya ya Sifa za Kitaaluma kwa Wakimbizi: wataalamu wa kutathmini vyeti wanamhoji mtu kuhusu alichosoma, wanalinganisha na wanachokijua kuhusu mfumo wa nchi aliyotoka, kisha wanaandika tathmini inayoeleweka na vyuo na waajiri. UNESCO nayo ikaja na pasipoti yake, na Zambia ikawa mahali pa majaribio mwaka 2019. Karatasi hiyo haimpi nesi leseni ya kuchoma sindano. Inamtoa kwenye sifuri tu, na kutoka sifuri ndiko kugumu.

Serikali nazo zimejifunza, nyingine kwa kuumia. Mwaka 2016 Jordan ilikubaliana na wafadhili kufungua hadi nafasi 200,000 za kazi kwa Wasyria ili nayo ipate mikopo nafuu na masoko Ulaya. Vibali vilipoanza kutoka, vilifungamanishwa na sekta chache na, mwanzoni, na mwajiri mmoja. Wanawake waliovipata walikuwa wachache mno, kwa sababu viwanda vilikuwa mbali na watoto hawakuwa na wa kuwaangalia. Kibali mkononi, kazi hakuna. Kolombia mwaka 2021 ilikwenda njia nyingine: iliwapa Wavenezuela waliokuwa nchini hadhi ya ulinzi wa muda ya miaka 10, yenye haki ya kufanya kazi bila kumfunga mtu kwa mwajiri. Miaka kumi ni muda wa kutosha kwa mtu kukopa, kuajiri, kupeleka mtoto shule hadi amalize. Mwenye kibali cha miezi sita hafungui duka.

Kwa wanaohofia kwamba mgeni akipewa jembe atamnyang'anya mwenyeji shamba, nitawarudisha Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na wanaokaa kwenye makazi ya wakimbizi hupewa kipande cha ardhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliripoti mwaka 2014 kwamba jijini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi waliowahoji walikuwa na biashara zilizoajiri watu wengine, na kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Yaani mgeni kapewa jembe, akalima, akamtafuta mwenyeji amsaidie kuvuna. Sisemi Uganda ni pepo. Idadi ya watu ilipofumuka baada ya vita vya Sudan Kusini, viwanja vilipunguzwa, na kwenye makazi ya Bidi Bidi vilifika mita 30 kwa 30, ukubwa ambao haulishi familia hata mvua ikija kwa wakati. Posho ya chakula nayo imekatwa mara kwa mara fedha za wafadhili zilipokauka. Haki bila ardhi wala mtaji inafika mahali inagota. Lakini utaona kwamba aliyekuwa na haki alipata pa kuanzia, hata kama ni padogo.

Uganda ina kanuni nyingine ninayoipenda: asilimia 30 ya msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi inatakiwa iwanufaishe wenyeji wa eneo hilo. Wanaoendesha miradi mijini waisome mara mbili. Karibu robo tatu ya wakimbizi duniani wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na hata kwenye nchi tajiri hupelekwa mara nyingi mitaa ambayo wenyeji wake wenyewe wamesahauliwa. Sasa njoo ufungue mradi mtaani humo, uandike mlangoni "kwa wakimbizi tu," halafu ushangae jirani asiye na kazi akikunja uso. Ana haki ya kukunja. Darasa la useremala likiwa na viti ishirini, gawa viti. Wakishika msumeno mmoja kwa zamu watagombana kuhusu msumeno, ugomvi wenye afya.

Kalobeyei, karibu na kambi ya Kakuma huko Turkana, Kenya, ilianzishwa mwaka 2016 kwa wazo hilo: wakimbizi na wenyeji watumie shule moja, zahanati moja, soko moja. Na sokoni ndiko lilikotokea jambo la kuvutia kuliko yote. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa limeanza Bamba Chakula mwaka 2015, utaratibu wa kumwekea mkimbizi sehemu ya posho yake kwenye simu badala ya kumpimia nafaka. Alipokwenda dukani kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, awe mkimbizi mwenzake au mwenyeji, alichagua mwenyewe. Alibishana bei. Alipoona unga una wadudu alihamia duka la jirani. Nafaka ya kupimiwa haikuwahi kumfanya mtu awe mteja wa yeyote.

Bustani nitazipitia haraka, ingawa kwa moyo nazipenda kuliko majiko. Mjini Göttingen, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1990, wanawake wakimbizi kutoka Bosnia waliulizwa wanakosa nini zaidi. Wakasema bustani zao. Wakatafutiwa ardhi, na mwaka 1996 wakaanza kulima pamoja na watu wa mataifa mengine na Wajerumani. Leo bustani za aina hiyo Ujerumani zinahesabika kwa mamia. Kilichonigusa pale ni kwamba swali liliulizwa kabla ya mradi kuandikwa. Halafu bustani ina kitu ambacho hafla haina, ziada. Mboga hukomaa zote wiki moja, huwezi kuzila peke yako, unalazimika kumgongea jirani na kumpa. Mtu ambaye kwa miaka miwili amekuwa wa kupewa anapata cha kutoa, tena kwa mkono wake, bila hotuba.

Michezo sasa. Kila anayeandika mradi huweka mpira wa miguu, na mpira unasaidia, lakini tujue unasaidia wapi. Utafiti wa Iraq uliochapishwa mwaka 2020 uliwachukua Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na kundi la ISIS, ukaunda ligi ambamo timu nyingine zilibaki za Wakristo watupu na nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu. Waliochanganyika walibadilika kweli: miezi sita baadaye walikuwa tayari zaidi kufanya mazoezi na Waislamu, na kuwapigia Waislamu wa timu pinzani kura ya mchezaji mwenye nidhamu. Ila walipopewa sababu ya kwenda kula kwenye mgahawa mjini Mosul, hawakwenda zaidi ya wenzao ambao hawakuchanganyika. Urafiki ulibaki ndani ya chaki ya uwanja. Ndiyo maana sitosheki na mradi unaowakutanisha watu Jumamosi kwenye kitu maalumu kilichotengenezwa kwa ajili ya kukutana. Wakutane pale maisha yao yalipo: kamati ya shule, ushirika wa akiba na mikopo, zamu ya kazini, kikao cha wapangaji kuhusu lifti mbovu.

Kanada imekuwa ikifanya jambo la namna hiyo tangu 1979, enzi za wakimbizi wa Vietnam, Laos na Kambodia. Raia watano au zaidi wanaungana, wanachangishana, wanampokea mkimbizi na familia yake na kuwasimamia kwa kawaida miezi 12: nyumba, shule, daktari. Zaidi ya watu 300,000 wamepokelewa kwa njia hiyo, ingawa mwishoni mwa 2024 maombi mapya ya vikundi vya watu watano yalisimamishwa. Wengi husifu ukarimu wake. Mimi naona zaidi namba zilizomo kwenye simu zao. Kati ya watu watano kuna mmoja ambaye shemeji yake ana karakana, mwingine anamjua meneja wa hospitali. Kazi ya kwanza, kwa mkimbizi kama kwa mtu yeyote, hutoka kwa mtu anayemjua mtu. Mgeni anaweza kuwa na bidii na ujuzi, asiwe na huyo shemeji.

Ukitaka kuanzisha kitu mtaani kwako, mambo madogo ndiyo yatakayokuua, kwa hiyo weka bajeti ya nauli kabla ya kufikiria vipaza sauti. Weka mtu wa kukaa na watoto, la sivyo mradi wako utakuwa wa wanaume. Uliza kabla ya kununua nyama nani hali nini. Usipange kikao siku ambayo watu wote wanatakiwa kuripoti uhamiaji. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini nimeliona likitokea. Na siku ya kwanza kabisa mkabidhi mtu funguo.

Mfadhili wa mradi wetu mmoja hututumia fomu kila robo mwaka. Inauliza wamehudhuria wangapi, na grafu inatakiwa ipande. Mwaka huu imeshuka. Wanaokosekana tunawajua wote: mmoja ni fundi bomba, ameajiriwa na zamu yake inagongana na Alhamisi yetu, dada wawili wamefungua biashara ya kupika kwa oda na hawana muda wa kupika bure, na mhasibu wetu yupo kwenye ofisi ya watu sasa, anafunga hesabu za mwezi. Fomu ina safu moja tu inayowafaa, nayo imeandikwa "walioacha mradi." Tuliomba iongezwe nyingine. Tukajibiwa kwamba fomu hiyo inatumika kwa miradi yote na haiwezi kubadilishwa katikati ya mwaka wa fedha, kwa hiyo robo hii tumewaandika pembeni kwa kalamu, jina la kazi baada ya jina la kazi, mpaka ukingo wa karatasi ukajaa.